Ufunguo wa nati za loki umepotea: maswali tunayoulizwa kila mara gereji

Simu ya namna hii huja mara nyingi jioni, na anayepiga huwa amesimama kando ya barabara. Jeki anayo, tairi la spea limejaa upepo, nati nne zimelegea vizuri, ya tano imegoma. Ni ya duara, haina pembe, wili spana inateleza juu yake kama kijiko kwenye yai. Hapo ndipo mtu anapojua kwamba gari lake lina nati za loki, yaani nati za kuzuia wizi zinazofunguka kwa ufunguo wake tu, na kwamba ufunguo huo ni kidude cha chuma cha ukubwa wa kidole gumba alichotakiwa kukabidhiwa siku aliponunua.

Majibu haya yametokana na kazi ya kila siku gereji, Dar es Salaam. Mengi yanahusu magari yaliyotumika kutoka Japani, kwa sababu ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu.

Nitajuaje kama gari langu lina nati za loki?

Chuchumaa utazame gurudumu moja moja. Kama kuna kifuniko cha plastiki, kibandue kwanza. Nati ya kawaida ina pembe sita. Ya loki ni duara kwa nje, na usoni imechorwa: mfereji uliojipinda kama ua, au vishimo, au meno madogo yaliyozunguka ubavu. Kwa kawaida ni moja kwa kila gurudumu, yaani nne kwa gari zima.

Volkswagen, Audi, BMW na Mercedes-Benz mara nyingi hazina nati kabisa, zina bolti zinazoingia kwenye habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Huko loki nayo ni bolti, na mara nyingi mchoro wake umezama ndani ya kichwa. Pia kuna magari yaliyofungwa rimu za kununua baadaye, na nati zote ni nyembamba zenye meno ubavuni. Hizo usiziogope. Zimefanywa nyembamba ili ziingie kwenye matundu finyu ya rimu, na ufunguo wake mara nyingi unapatikana kwa wauza rimu.

Ufunguo wenyewe huwekwa wapi?

Kabla hujamwita fundi, tafuta. Nimewahi kuona mteja akiagiza brekidauni, gari likaletwa, na kijana wetu akautoa ufunguo ndani ya dakika tatu.

Anza kwenye buti. Nyanyua zulia, toa tairi la spea, tazama sponji au trei ya plastiki inayobeba jeki. Mara nyingi kuna kishimo kilichokatwa kwa umbo la ufunguo huo. Ukikikuta kitupu, pitisha mkono chini ya trei, maana huanguka na kuviringika hadi kwenye kona za bodi. Fungua na mfuko wa wili spana uukung'ute. Kisha nenda kwenye droo ya dashibodi, kwenye kisanduku cha katikati ya viti, mifuko ya milango, chini ya viti vya mbele, na kwenye kile kikombe cha majivu ambacho hakuna anayekifungua siku hizi. Ubavuni mwa buti kuna vijifuniko vinavyofunguka kwa ukucha. Vifungue vyote.

Sasa sehemu ambayo watu huisahau: duka la matairi ulikoenda mara ya mwisho. Fundi akishafunga nati ya mwisho, ufunguo hubaki umenasa ndani ya soketi ya mashine yake. Gari linaondoka, gari jingine linaingia, soketi inabadilishwa, ufunguo unatupwa kwenye kopo lenye nati za kila aina. Piga simu, au bora uende mwenyewe ukaombe wakumwagie kopo lile sakafuni. Nenda na picha ya uso wa nati yako, la sivyo utatoka na wa mtu mwingine.

Gari nimeliagiza Japani. Limefika halina ufunguo. Nimdai nani?

Kudai unaweza. Kupata ni jambo jingine. Vitu vidogo vya kwenye buti vina tabia ya kuyeyuka kati ya yadi ya muuzaji, meli, bandari na yadi ya huku, na kila mkono utakuambia ulipokea gari hivyo hivyo. Dawa iko mwanzoni. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akutumie picha ya vifaa vya buti na picha ya gurudumu kwa karibu. Ukiona nati ya duara, mwombe picha ya ufunguo wake pia, na umtake aufunge kwa mkanda ndani ya gari mahali atakapokuambia. Wauzaji wengi hufanya hivyo bila ubishi, kwa sababu gharama yake ni picha moja tu.

Kama gari limeshafika, kagua siku hiyo hiyo unapolichukua, likiwa limesimama kwenye sakafu ngumu na jua linawaka.

Nimepata pancha njiani, ni usiku, na ndiyo kwanza najua sina ufunguo. Nifanye nini?

Yaliwahi kunikuta, na mimi ndiye fundi. Ilikuwa ni kabla ya kufika Chalinze natokea Dar, malori yanapita mpaka gari linatikisika, na ufunguo wangu ulikuwa umebaki kwenye duka la matairi nililopita wiki mbili nyuma. Nilitukana kidogo, kisha nikakumbuka jambo ambalo ningemwambia mteja yeyote: pancha haihitaji gurudumu litoke.

Matairi mengi ya siku hizi hayana tyubu. Kama kilichotoboa ni msumari au skrubu na kimeingia kwenye sehemu inayokanyaga barabara, shimo linazibwa gurudumu likiwa mahali pake. Kwa tairi la mbele, kata usukani hadi mwisho ili uso wa tairi utokeze nje. La nyuma, sogeza gari kidogo kidogo mpaka msumari uje mahali unapoufikia. Fundi pancha anauchomoa, anasugua shimo kwa msasa wa duara, anachomeka kamba ya raba yenye gundi, anakata mabaki, anajaza upepo. Dakika kumi. Mafundi pancha wapo karibu kila kituo cha malori, na wengi watakuja ulipo na pampu yao kwa pikipiki ukiwalipia nauli. Mimi nilimpata mmoja kupitia kondakta wa basi lililosimama kuniuliza kulikoni.

Kama shimo ni dogo, pampu ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari inaweza kukusogeza kituo hadi kituo, ukisimama kujaza. Usiendeshe tairi likiwa limelala chini kabisa: baada ya mita mia chache ubavu wake unakatika kwa ndani na halizibiki tena, na rimu inaanza kula lami.

Ubavu ukichanika, hakuna kamba itakayosaidia. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu nyuma ya gari kwa mbali, toa abiria wakae mbali na lami, uite brekidauni. Usianze kupiga nati nyundo gizani ukingoni mwa barabara kuu. Nati haiharibiki ukiiacha hadi asubuhi.

Rafiki yangu ana gari kama langu kabisa. Ufunguo wake utaingia kwangu?

Inawezekana, lakini usiweke matumaini. Kila mtengenezaji ana michoro mingi, na magari mawili yanayofanana mpaka rangi yanaweza kuwa na funguo mbili tofauti. Ujaribu kwa mkono, bila spana. Ukikaa wote bila kucheza, ni bahati yako. Ukicheza hata kidogo, uache. Ufunguo unaokaribia kufaa ni mbaya kuliko kukosa ufunguo, kwa sababu unasaga mchoro wa nati, na baada ya hapo hata ufunguo halali hautashika.

Naweza kuagiza ufunguo mwingine?

Ndiyo, kama una namba. Nati za loki zenye jina hutoka na namba iliyopigwa kwenye ufunguo wenyewe na kuandikwa kwenye kadi ndogo. Magari mengi ya Japani yamefungwa nati za McGard, kampuni ya Marekani ambayo bidhaa zake huuzwa pia na mawakala wa magari huko, au za kampuni ya Kijapani Kyo-Ei. Kadi hutafutwa kwenye pochi ya kitabu cha gari, katikati ya zile karatasi za Kijapani ambazo wengi wetu huzitupa siku ya kwanza bila kuzisoma. Usizitupe.

Kama namba huna na gari ni la Ulaya, mtafute wakala wa aina hiyo ya gari au gereji inayojishughulisha nalo. Kwa Volkswagen, kwa mfano, kuna seti ya funguo zote za michoro inayotumika. Fundi anajaribu mmoja mmoja hadi unaokaa, anakufungulia, na anakwambia namba ya kuagizia wako. Piga simu kwanza uulize kama seti hiyo wanayo, usije ukavuka mji mzima bure.

Nenda na kadi ya gari (Kenya wanaiita logibuku) pamoja na kitambulisho. Fundi mwaminifu atakuuliza, na asipokuuliza anza kujiuliza wewe anafungua magari ya nani.

Bila ufunguo, mafundi huzifungua vipi?

Kuna njia kama nne. Fundi mzuri huanza na ile isiyoharibu kitu.

Ya kwanza ni soketi maalumu ya kung'olea. Ndani yake ina meno yaliyosokotwa kinyume, kwa hiyo kadiri unavyozungusha kufungua ndivyo inavyozidi kuuma nati. Unachagua inayobana, unaigonga kwa nyundo mpaka ikae, unafungua kwa mkono mrefu. Seti hizi zinapatikana kwa wauza zana, Gerezani na Kariakoo kwa Dar, Kirinyaga Road kwa Nairobi. Gereji isiyo nayo wala nisingeipa kazi hii.

Ya pili ni ndugu yake maskini: soketi ya kawaida ya pembe kumi na mbili, kuukuu, ndogo kidogo kuliko nati. Inagongelewa juu ya nati mpaka pembe zake zijichimbie. Inafanya kazi vizuri zaidi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa nati ambazo ni kipande kimoja na zimechongoka kidogo kuelekea mbele. Soketi hiyo ihesabu kuwa imekufa. Ikitoka na nati tumboni mwake, unaigonga kwa fimbo ya chuma kupitia tundu la mraba la nyuma. Mpira wa baiskeli uliokatwa au kitambaa kinene kizungushiwe tundu la rimu kabla ya pigo la kwanza, na mapigo yawe ya kulenga, si ya kuvunja kokoto. Kila pigo hupita kwenye stadi, ule msumari wenye meno ambao nati hufungwa juu yake, likaishia kwenye beringi.

Ya tatu ni kuchomelea. Ina swali lake hapa chini.

Ya nne, ya mwisho kabisa, ni drili. Nati za loki hutengenezwa kwa chuma kilichofanywa kigumu makusudi, kwa hiyo keekee za bei rahisi hulika kabla nati haijakwaruzika. Na kwa gari lenye stadi, ukitoboa katikati unaitoboa na stadi. Hapo umeshakubali kununua stadi mpya.

Tindo ninaitaja kwa sababu utaiona. Baadhi ya mafundi huiweka ubavuni mwa nati kwa mshazari na kuipiga ili izunguke. Kwenye rimu ya chuma ambayo nati zimetokeza nje, sawa. Kwenye rimu ya aloi ambayo nati zimezama shimoni, tindo ikiteleza mara moja tu umenunua rimu.

Fundi anasema nati yangu "inazunguka yenyewe". Ana maana gani?

Ana maana ya kola. Baadhi ya nati za loki zimevishwa pete ya nje isiyoshikana na nati: ukiibana kwa chochote inazunguka bure, ya ndani imetulia. Imebuniwa hivyo ili kumkomesha mwizi, na inamkomesha na fundi vilevile. Lazima pete ipasuliwe au ing'olewe kwanza, kisha kiini kishikwe kwa soketi ya kung'olea. Kazi huchukua muda mara mbili, na bei ikipanda kidogo hapo usimlaumu fundi.

Kuchomelea si kutaunguza gari?

Kukifanywa ovyo, ndiyo. Kukifanywa vizuri, ni njia ninayoipenda kuliko ya nyundo kwa nati iliyokwishaharibika mchoro. Fundi anachomelea nati kubwa ya kawaida juu ya uso wa ile ya loki, anasubiri ipoe kidogo, anaweka spana na kufungua. Joto lenyewe nalo husaidia kuachanisha kutu.

Masharti yake hayana mjadala. Tolewe kisindano cha valvu, upepo wote utoke kwenye tairi hilo kabla moto haujawashwa: rimu ikipashwa moto huku tairi limejaa, tairi linaweza kulipuka, na kumekuwa na watu walioumia vibaya kwa hilo. Waya hasi wa betri ufunguliwe. Kibanio cha waya wa ardhi kiwekwe karibu na kazi, kwenye diski ya breki au habu ya gurudumu lile lile, ili umeme usipite kwenye beringi na waya za ABS (mfumo wa kuzuia breki zisigande). Rimu ifunikwe kwa kitambaa kilicholowa. Ukiona fundi amebana kibanio kwenye bampa la mbele ili achomelee gurudumu la nyuma, msimamishe hapo hapo, hata kama ni mjomba wako.

Na moto wa gesi moja kwa moja kwenye rimu ya aloi usiruhusiwe kabisa. Aloi ikipashwa sana hupoteza uimara wake, na kwa macho huwezi kuona.

Naweza kujaribu mwenyewe nyumbani?

Ukiwa na soketi ya kung'olea na subira, ndiyo. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, handibreki juu, mawe yamezuia magurudumu mengine, na gurudumu unalolifungua liwe bado limekanyaga chini. Nati hulegezwa kabla ya jeki, kamwe si baada. Nyunyizia dawa ya kutu, uiache angalau robo saa.

Kuna siri moja inayookoa nati nyingi: anza na ya loki wakati nyingine zote zimekaza. Watu hufanya kinyume. Wanafungua nne rahisi kwanza, gurudumu linalegea na kujiegemeza lote kwenye ile moja iliyobaki, na inabanwa zaidi. Kama umeshafungua nne, zirudishe uzikaze, ndipo uisogelee ya tano.

Ufunguo ninao, lakini umepasuka. Fundi alitumia mashine ya upepo.

Hili linatuletea wateja wengi kuliko kupotea kwenyewe. Ile mashine inayolia "trrrr" hupiga kwa mishtuko, na ufunguo wa loki haukutengenezwa kwa mishtuko. Mchoro unalika, ufunguo unapasuka, au unavunjikia ndani ya nati. Nati ya loki hufunguliwa na kufungwa kwa mkono, ufunguo umesukumwa hadi mwisho, spana imenyooka, mkono mmoja umeshikilia kichwa kisiteleze.

Kwa hiyo unapoingia duka la matairi, mpe kijana ufunguo mkononi na umwambie kwa sauti: "Hii kwa mkono, bosi wangu, si kwa mashine." Kisha simama pale. Usiende kunywa soda.

Kipande kikivunjikia ndani ya mfereji, usikichokonoe kwa bisibisi. Mara nyingi hutoka kwa sumaku na dawa ya kutu. Ufunguo uliopasuka kidogo unaweza kutoa nati mara ya mwisho ukitumiwa taratibu, basi utumie nafasi hiyo kuzitoa zote nne, siku moja, usirudishe hata moja.

Zimetoka. Nifunge nati gani badala yake?

Hapa ndipo watu hupoteza umakini, kwa kuwa wamechoka na wanataka kwenda nyumbani. Nati si nati tu. Kuna mambo matatu ya kulinganisha.

Meno ya ndani. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi ndogo kwa kawaida hutumia unene wa milimita 12 kwa hatua ya 1.5, yaani nafasi kati ya jino na jino. Nissan, Subaru na Suzuki hutumia 12 kwa 1.25. Kwa macho zinafanana. Ukiweka ya Nissan kwenye stadi ya Toyota, itashika mizunguko miwili mitatu kisha itakaza, na fundi mwenye haraka ataongeza nguvu akidhani ni kutu. Anasaga stadi. Magari mazito kama Land Cruiser 200 yana stadi za milimita 14, huko hakuna kuchanganya. Kanuni ni moja: nati iingie kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikidai spana mapema, si yake.

Kitako. Sehemu inayogusa rimu inaweza kuwa koni, au mviringo kama mpira, au bapa yenye washa. Toyota nyingi zenye rimu za aloi za kiwandani hutumia ile bapa yenye shingo ndefu. Honda za kiwandani hutumia mviringo. Rimu nyingi za kununua baadaye hutaka koni. Koni kwenye tundu la bapa itagusa ukingo tu, itaonekana imekaza, kisha itajilegeza barabarani. Chukua nati nyingine ya gurudumu lile lile uende nayo dukani, uziweke mbili kwenye kiganja.

Kichwa. Milimita 21 kwa Toyota na Nissan nyingi, 19 kwa Honda na Subaru. Kikitofautiana gari litatembea salama, ila utahitaji spana mbili siku ya pancha.

Zikazwe kwa nguvu kiasi gani?

Chini ya unavyodhani. Toyota nyingi ndogo hutaka Nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 103, Nissan 108, Volkswagen nyingi 120. Bila spana ya toki, ile inayolia "tak" ikifika kiwango, tumia hesabu hii: 103 ni sawa na kubonyeza mwisho wa spana ya nusu mita kwa uzito wa kilo 21 hivi. Sasa fikiria fundi wa kilo 80 anayepanda juu ya spana hiyo hiyo na kuruka. Akisimama tu, bila kuruka, anakaribia mara nne ya kinachotakiwa. Ndiyo sababu nati yako iligoma, na ndiyo sababu ufunguo wako ulipasuka.

Kaza kwa kuvuka, yaani toka nati moja hadi ya upande wa pili, si kwa kuzunguka, na ya loki iwe ya mwisho. Usipake grisi wala oili kwenye stadi, maana meno yakiteleza nguvu ile ile hukaza kupita kiasi. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zijaribu tena.

Imetoka lakini mpya sina. Naweza kuendesha na pengo?

Gurudumu la nati tano au sita likikosa moja, taratibu mpaka dukani, si safari ya Dodoma. Vitz na Passo zina nne tu. Huko usiendeshe na tatu.

Tairi la spea la mlango wa nyuma nalo limefungwa. Ni ufunguo ule ule?

Mara nyingine ndiyo, mara nyingine lina wake. Prado na RAV4 za zamani zenye spea mlangoni huwa na nati ya loki huko nyuma peke yake, na mwenye gari hutafuta kwenye magurudumu manne asione kitu. Ijaribu leo. Kukwama kwenye spea kunauma zaidi, kwa sababu tairi zima unaliona kwa macho na huwezi kulitoa.

Kwa kweli zinazuia wizi, au ni mapambo?

Zinamchelewesha kibaka. Anayekuja na wili spana usiku ataenda gari la jirani. Anayekuja na soketi ya kung'olea na nyundo atazitoa, ila kwa kelele, na kelele hawaipendi. Kwangu mimi, kama rimu zako ni za chuma au aloi za kawaida za kiwandani, kuna vitu watakavyoiba kabla yake: vioo vya pembeni, taa, betri. Kwenye gari la namna hiyo nafunga nati za kawaida pande zote na kulala usingizi. Kama rimu ni za bei na gari linalala nje, funga za loki, lakini nunua zenye kadi ya namba, piga picha kadi na ufunguo, uitume kwa mtu wa nyumbani ili isipotee na simu yako.

Ufunguo wenyewe naufunga kwa waya kwenye mpini wa jeki. Ukichukua jeki, umechukua na ufunguo.

Nauza gari. Ufunguo niuache ndani?

Mpe mnunuzi mkononi, na umwoneshe nati inakotumika, maana hatakuuliza. Kama uliupoteza, mwambie kabla hajalipa. Atajua tu siku ya pancha, na namba yako ya simu anayo.